Machipuko ya Kaskazini Huanzia Pwani ya Chwaka

Bismillahi. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sheha wetu, wazee wangu, mama zangu mliokuja moja kwa moja kutoka pwani bila hata kupita nyumbani, walimu, na nyinyi wanafunzi mliokaa hapo mbele: ahsanteni kwa kuitika wito.

Nimeombwa niseme juu ya ndege wanaokuja na kaskazi. Nitasema, lakini liko jambo moja hasa lililonileta, na nalitanguliza ili mwenye haraka aondoke nalo. Tangu mwisho wa Februari mpaka upepo ugeuke, ndege hawa wanaihitaji pwani yetu kuliko wakati mwengine wowote wa mwaka. Akila vizuri hapa na akapumzika, ndege atafika kwao na atataga. Akikosa hapa, huenda asifike, na akifika huenda asiwe na nguvu ya kutaga. Basi ninayoyasema leo ni ya wiki hizi tulizo nazo.

Wenzetu wa Ulaya, miezi hii hii, hutoka na darubini zao asubuhi kwenye baridi wakitafuta dalili za machipuko, yaani msimu wa majani kuchipua baada ya baridi. Wanatazama ua la kwanza lililotoboa theluji. Wanamsubiri mbayuwayu wa kwanza, na akionekana, habari inakwenda mji mzima. Furaha hiyo naielewa na naipenda. Lakini mbayuwayu huyo alikuwa mahali kabla ya kuonekana kwao. Alikuwa Afrika. Na wale wa pwani, wenye miguu mirefu na midomo ya kuchokolea tope, sehemu yao walikuwa hapa: Chwaka, Uzi, Unguja Ukuu, Bumbwini, na kule Pemba kwenye maghuba ya mikoko. Anayetaka kuyaona machipuko ya kaskazini yakianza, na asimame pale mikokoni kwetu mwezi wa Machi, maji yakianza kujaa. Atayaona wiki nyingi kabla ya mtu wa Ulaya.

Atayaonaje? Atayaona kwenye manyoya.

Kuna kitwitwi mmoja tunaye kwa wingi, Waingereza humwita curlew sandpiper, mdogo, mwenye mdomo mweusi uliopinda kidogo kuelekea chini. Kuanzia Septemba mpaka Januari ni kijivu juu na mweupe tumboni, wala humtofautishi kwa urahisi na wenzake. Mtazame sasa. Kifuani yameanza kutoka manyoya mekundu, moja hapa, mawili pale, na ikifika Aprili kifua chote na tumbo vimekuwa na rangi ya tofali lililoiva. Hilo ndilo vazi lake la kuoleana. Na hatooleana hapa. Anakwenda rasi ya Taimyr na nchi za jirani yake huko Siberia, juu kabisa ya Urusi, karibu kilomita 10,000 kutoka hapa tulipokaa. Vazi anatuvalia sisi, harusi iko kule.

Mwengine ni yule kitwitwi mnene wa kijivu, kwa Kiingereza grey plover, mwenye macho makubwa, anayependa kusimama peke yake. Akiruka utaona doa jeusi kwapani, na kwa doa hilo humkosi. Huyu Machi huanza kuingia weusi usoni na kifuani, na manyoya ya mgongoni yanachanganyika nyeusi na fedha, mpaka unamwona kama ndege mpya aliyefika jana. Naye anakwenda huko huko kwenye baridi. Nawaombeni watoto, mkiwaona hawa wawili, msiandike tu kwamba mmewaona. Andikeni na rangi: wamebadilika nusu, robo, au bado. Hiyo ndiyo habari yenye thamani.

Kuna suali nililoulizwa na mwanafunzi mmoja wa hapa, na nalirudia kwa wote kwa sababu ni suali la mtu mwenye akili. Alisema: kule Ulaya siku zinarefuka, kwa hiyo ndege anajua baridi inakwisha. Hapa kwetu mchana ni ule ule mwaka mzima. Huyu wa Chwaka anajuaje?

Ni kweli. Hapa tulipo, siku ndefu kabisa na siku fupi kabisa ya mwaka zinapishana kama dakika 40 tu. Huko Siberia wakati wa kiangazi jua halizami kabisa, na wakati wa baridi halichomozi. Mtaalamu wa Kijerumani, Eberhard Gwinner, tangu miaka ya 1960 aliwafuga ndege wadogo wahamiaji kwenye vyumba ambavyo mwanga na giza havikubadilika, saa 12 kwa saa 12. Msimu wa safari ulipofika, ndege wale walianza kuhangaika usiku, wakirukaruka na kupiga mabawa ndani ya vizimba, ingawa hakuna kitu nje kilichowaambia. Wakabadilisha manyoya, wakanenepa, wakatulia, kisha mwaka uliofuata wakafanya vile vile. Mwenyezi Mungu amewawekea saa ya mwaka ndani ya miili yao. Mwanga wa jua huirekebisha saa hiyo, lakini hauianzishi.

Wazee wetu nao walikuwa na hesabu yao, nao hawakuitegemea theluji. Walihesabu kutoka Nairuzi, mwaka mpya wa jua wa Waswahili, miongo kwa miongo, siku kumi kumi, na nahodha alijua mwongo gani kaskazi inalegea na mwongo gani kusi inashika. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalishuka huku na kaskazi, yakangojea tanga mbili, wakati upepo unapogeuka, yakapanda na kusi. Ndege wengi wa pwani hufuata ratiba inayokaribiana na hiyo. Wakiondoka Aprili, upepo umeanza kuwasukuma kwa nyuma. Mzee yeyote hapa anayekumbuka jinsi marehemu babu yake alivyohesabu, tafadhali asitunyime. Watoto waandike, kabla hesabu hiyo haijaondoka na wenyewe.

Sasa niingie kwenye jambo zito, nalo ni mafuta.

Kitwitwi yule anayegeuka mwekundu, wakati wa kawaida ana uzito wa gramu 60 hivi. Hiyo ni sawa na yai moja la kuku. Kabla ya kuondoka hunenepa mpaka akapita gramu 80, na ziada yote hiyo ni mafuta chini ya ngozi na misuli ya kifuani iliyotanuka. Hana chakula kingine njiani. Kwa aina kadhaa za ndege hawa imegunduliwa hata zaidi: safari ikikaribia, tumbo na matumbo hupungua, maana ni mzigo usiohitajika angani, na moyo na misuli ya mabawa hukua. Yuko jamaa yao mmoja, anayefikia pwani zetu pia kwa idadi ndogo, ambaye mwaka 2022 kijana wake mmoja aliyefungwa chombo cha satelaiti aliruka kutoka Alaska mpaka Tasmania, kilomita 13,560, siku 11 usiku na mchana bila kutua. Bila kula. Bila kunywa.

Mafuta hayo yanatoka wapi? Yanatoka kwenye tope letu. Yanatoka kwenye minyoo ya topeni, kaa wadogo, konokono na kamba wadogo walioko pale maji yanapokupwa. Na muda wa kula ni mfupi. Maji yakijaa, meza imefunikwa. Ndege anakula saa chache, kisha anasogea kwenye fungu la mchanga au juu ya mikoko, anasimama kwa mguu mmoja, anasubiri. Kila akirushwa pale anapopumzika, anachoma mafuta aliyoyatafuta asubuhi. Mtu mmoja akimrusha mara moja, hakuna neno, Mungu ameyajaalia hayo. Akirushwa mara tano au sita kila siku kwa wiki nzima, ndipo hesabu inapoharibika. Mtoto aliyekimbiza kundi kwa raha yake hawezi kulijua hilo, kwa sababu ndege anaruka tu, hafi mbele ya macho yake. Anakuja kufa mbali.

Niruhusuni nikae kidogo kwa ndege mmoja, kwa sababu huyu nampenda kuliko wote na sioni haya kusema.

Mnamjua, ni yule ambaye Waingereza humwita crab plover. Mweupe, mgongo mweusi kama aliyevaa joho, miguu mirefu ya rangi ya kijivubuluu, na mdomo mweusi mnene uliochongoka kama jambia. Anakula kaa. Anatembea hatua tatu nne, anasimama, anakimbia ghafla, anachoma. Kaa mdogo anammeza mzima, mkubwa anamtikisa mpaka magando yanakatika. Wanapenda kukaa kundi, na wana kelele, hasa magharibi inapoingia, na usiku wa mbalamwezi utawasikia bado wanatafuta chakula.

Duniani kote wanakadiriwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000 tu. Wanazaliana hasa kando ya Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi, Oman na Somalia. Kisha sehemu kubwa yao huja Afrika Mashariki. Na wanavyozaliana ni ajabu. Ndege wengine wa pwani huatamia mayai juu ya ardhi. Huyu huchimba shimo mchangani, refu, na mwisho wake hutaga yai moja, jeupe. Joto la mchanga kule ndani linakaribia nyuzi 35, kwa hiyo jua linamsaidia kuatamia, na mama anaweza kuliacha yai akaenda kula. Vifaranga vya vitwitwi wengine hukimbia na kujitafutia chakula siku ile ile wanapototolewa. Cha huyu hukaa shimoni kinaletewa.

Na habari haiishii huko. Kifaranga huyo anasafiri na mzazi wake mpaka huku kwetu na bado hajaweza kujitegemea. Nendeni Disemba au Januari mkatazame kwa makini lile kundi. Mtaona wengine mgongo si mweusi, ni kijivu. Hao ni watoto wa mwaka huo. Mtoto anamfuata mzazi nyuma, shingo ameikunja, anapiga mluzi wa kuomba, na mzazi akipata kaa humpa. Kutoka Barr al Hikman kule Oman mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 3,500, na mzazi ameileta familia yake mpaka pwani ya Chwaka ili mtoto ajifunze kazi kwenye kaa wetu. Ikifika Machi, wakubwa wanaondoka kurudi kutaga. Watoto wengi wanabaki. Ndiyo maana hata Julai, wakati wa kipupwe, mtaona wachache wametulia pale fungu la mchanga, na sululu wachache, wale ndege wa mdomo mrefu uliopinda, pamoja nao. Hawakupotea njia. Ni vijana wa mwaka wa kwanza, bado hawana la kuwarudisha kwao.

Na hawa watoto wanatupa habari ya mbali kuliko tunavyodhani. Turudi kwa yule kitwitwi mwekundu. Huko Siberia kuna panya wadogo waitwao lemingi. Mwaka wakiwa wengi, mbweha wa barafuni wanashiba panya na kuwaacha vifaranga wa ndege. Mwaka panya wakiadimika, mbweha wanageukia viota. Watafiti walilinganisha hesabu za miaka mingi za ndege waliofika Afrika ya Kusini na hali ya panya kule Siberia, wakaona zinakwenda pamoja. Kwa hiyo mwanafunzi wa Chwaka akihesabu Oktoba vitwitwi wangapi ni watoto na wangapi wakubwa, anasoma jinsi mwaka ulivyokwenda mahali ambapo hatofika maisha yake yote.

Huko kwenye ardhi kavu dalili ni nyepesi kuziona. Mbayuwayu wanajipanga kwenye nyaya za umeme kwa wingi usio wa kawaida, kisha asubuhi moja nyaya ni tupu. Keremkerem, wale wala nyuki wa kijani, wanapita juu ya mikoko kwa makundi, unawasikia kabla ya kuwaona. Wa pwani wao huondoka jioni, kuanzia alasiri mpaka jua linapozama, mara nyingi maji yakiwa yanajaa. Kundi linakuwa na wasiwasi, linaruka na kutua, linalia sana, kisha linapanda juu, linajipanga mstari, na safari hii halitui. Mvuvi aliyeko kwenye ngalawa wakati huo ana nafasi nzuri kuliko mtaalamu yeyote wa chuo. Mkiliona, angalieni saa na mkumbuke upande waliochukua.

Zamani huko Ulaya watu hawakujua ndege wao wanakwenda wapi. Wapo waliosema mbayuwayu anajizika chini ya maji wakati wa baridi. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz huko Ujerumani, alipatikana korongo mweupe aliyerudi kutoka safari na mkuki umepita shingoni mwake, mkuki wa urefu wa sentimita 80, wa mti wa Afrika. Korongo huyo amehifadhiwa mpaka leo Chuo Kikuu cha Rostock. Muafrika mmoja ambaye jina lake halikuandikwa popote alirusha mkuki akakosa kitoweo, na kwa mkuki wake Ulaya ikapata ushahidi. Nalitaja hili kwa sababu elimu ya ndege wahamiaji tangu mwanzo ilihitaji pande zote mbili. Upande mmoja peke yake unaona nusu ya mwaka.

Sasa yale yasiyopendeza. Mwezi wa Oktoba 2024, orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya viumbe walio hatarini iliwapandisha daraja ndege kadhaa wa pwani, maana wanapungua kwa kasi. Yule kitwitwi mwekundu yumo. Yule wa doa jeusi kwapani yumo. Wote wawili sasa wanahesabiwa kuwa hatarini kutoweka. Na mwaka 2025 orodha hiyo hiyo ilimtangaza ndugu mmoja wa sululu, mwenye mdomo mwembamba, kuwa ametoweka duniani. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa Morocco, mwaka 1995. Alikuwa ndege wa safari kama hawa wetu. Hakuna aliyekusudia kummaliza. Aliwindwa hapa, bwawa lake likakaushwa pale, mpaka siku moja wakamtafuta wasimwone.

Mengi yanayowapunguza ndege hawa yako mbali na mikono yetu: fukwe zilizojengwa na kufukiwa, joto linaloibadilisha nchi ya baridi. Nisije hapa nikawatwika nyinyi mzigo wa dunia. Lakini ghuba hii ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Unguja, na tangu 2004 iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Tanzania imo pia kwenye mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wanaosafiri baina ya Afrika, Ulaya na Asia, mkataba ulioanza kufanya kazi mwaka 1999. Karatasi zipo. Ndege hasomi karatasi, anaangalia kama fungu la mchanga lina mbwa au halina.

Mama zangu wa mwani, nataka mjue sikuja kuwalaumu. Mtu anayeinama kwenye vigingi vyake, anakwenda taratibu, ndege wanamzoea na wanakula pembeni yake. Hali kadhalika anayechokoa pweza. Wanaowarusha ni wanaokimbia, mbwa waliofunguliwa, vijana wenye manati, na huko fukwe za wageni wale wanaoteleza juu ya maji kwa tiara kubwa, ambayo kivuli chake ndege anakiona ni cha kipanga. Hao wa tiara wanaweza kuambiwa kwa adabu, na kwa uzoefu wangu mgeni akielezwa sababu anakubali haraka. Kwa mikoko, mnajua wenyewe nani anakata usiku na gari inapakia wapi. Hilo niliachie kamati na sheha, kwani wana mamlaka ambayo mimi sina.

Ninayoyaomba ni machache. Mpaka mwisho wa Aprili, yale mafungu mawili wanapopumzikia maji yakijaa tuyaache. Asiye na shughuli asitie mguu pale, na mwenye shughuli apite kwa upande wa nje. Mbwa wafungwe saa za maji kujaa. Na manati, wazee, mchukueni mtoto mzungumze naye, msimpige. Mpeni darubini badala yake, skuli zipo mbili za kuazimisha.

Ombi la pili ni la wanafunzi. Katikati ya Januari kila mwaka, tangu 1967, ndege wa majini huhesabiwa kwa pamoja katika nchi nyingi, na hesabu hukusanywa na Wetlands International, shirika linaloshughulikia ardhi oevu. Hesabu ya Januari inaonyesha waliokuwepo. Haionyeshi wanavyoondoka, wala wameondoka na hali gani. Kwa hiyo tutahesabu wenyewe kila bamvu, yaani siku za maji makubwa, Machi na Aprili. Tutaanza maji yakiwa yanajaa, kwa sababu ndipo yanapowasogeza ndege karibu na ukingo na unaweza kuwaona miguu. Kila kundi la watoto wanne liwe na mtu mzima anayeijua pwani. Mmoja anatazama, mmoja anahesabu, mmoja anaandika, mmoja anaangalia nyuma maji yasije yakawazunguka. Andikeni aina, idadi, rangi ya kifua, na jambo lolote lililowarusha: mtu, mbwa, boti, kipanga. Usiyemjua mchoreni, msimpe jina la kubahatisha.

Bamvu inayofuata ni ya mwezi mpevu, Jumamosi, na tutakutana dikoni saa tisa alasiri. Majina yanaandikwa kwa mwalimu mkuu. Nimeona tangu mwanzo kuna mzee kule nyuma ananyoosha mkono kuhusu miongo ya Nairuzi. Mpeni kipaza sauti, nami nitaandika.